Siku Zisizotiwa Alama

Dominika ya 16 ya Mwaka B
Masomo: Yer 23:1-6, Efe 2:13-18, Mk 6:30-34



Injili ya Dominika hii yaanza kwa taarifa ya kazi. Mitume walikuwa wametumwa wawili wawili. Sasa wamerudi, wamemzunguka Yesu, na kila mmoja anaeleza aliyoyatenda na aliyoyafundisha. Kazi yao ilikuwa njema, tena ilikuwa imefanikiwa. Kwa desturi yetu wanadamu, aliyefanikiwa huongezewa mzigo: aliyeuza magunia kumi mwezi huu huambiwa auze kumi na tano mwezi ujao. Yesu hakufanya hivyo. Aliwatazama, akaona kwamba umati umewasonga kiasi cha kuwanyima hata nafasi ya kutia tonge kinywani. Ndipo akawaita waondoke pamoja naye, waende mahali pa faragha, wapumzike. Wakapanda chombo, wakaiacha pwani nyuma yao.

Sisi tuishio kati ya Moa na Pangani twaielewa picha hii bila kuelezwa. Aliyewahi kusukuma ngalawa majini alfajiri anajua jinsi kelele za ufukweni zinavyofifia, hata asisikie tena ila maji yakigonga ubavu wa chombo. Mambo mengi Bwana aliwafundisha mitume wake wakiwa mlimani, njiani na nyumbani mwa watu. Somo la kupumzika aliwapa kwa kuwapandisha chomboni.

Leo twataka kulitafakari somo hilo kwa kuuliza swali moja, ambalo huwajia wengi wetu usiku tunapokosa usingizi. Je, yafaa mtu kuacha fedha ambayo angeweza kuipata kwa haki, ili apate siku? Hatusemi fedha ya rushwa wala ya magendo. Hiyo haina mjadala. Twasema mshahara halali, ulioongezwa, wenye manufaa nyumbani. Mtu akiukataa ili abaki na muda wa kuwa na watu wake shambani, ufukweni au chini ya mwembe, je, ametenda busara au upumbavu?

Wapo watakaojibu upesi kwamba huo ni uvivu uliovikwa nguo ya dini. Tusiwajibu kwa haraka. Kwanza tusikilize nchi yetu wenyewe, kwa maana swali hili si geni katika mkoa wa Tanga. Babu zetu walilijibu kwa jembe na kwa miguu.

Katika karne ya 19, kandokando ya mto Pangani, palikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa. Utumwa ulikuwa ukatili, wala hatuna neno la kuupamba. Hata hivyo, ilikuwa desturi ya pwani kwamba mtumwa wa shamba aachiwe siku mbili katika juma, mara nyingi Alhamisi na Ijumaa, alime konde lake mwenyewe. Bwana hakuziacha siku hizo kwa huruma tu, kwa sababu mtumwa aliyejilimia alijilisha, na gharama ya bwana ikapungua. Lakini kwa mtumwa zilikuwa na maana nyingine kabisa. Siku tano alikuwa mkono wa mtu mwingine. Siku mbili alikuwa mume wa mtu, baba wa watoto, mwenye mihogo yake na jirani zake. Mabwana waliotaka sukari nyingi zaidi walipojaribu kuzila siku hizo, watumwa walinung'unika, na wengi walitoroka. Mtu aliyenyang'anywa karibu kila kitu alijua kwamba uhai wake umekaa ndani ya siku mbili.

Kisha ukaja mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, Marekani. Miche iliyosalimika safarini ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo michache yakatokea mashamba tuyajuayo, yaliyoenea Muheza, Korogwe na bonde lote la Pangani. Mashamba hayo yalihitaji mikono mingi, nao wenye mashamba walishangaa kuona kwamba Wabondei, Wadigo, Wasambaa na Wazigua hawakuikimbilia kazi ile ya mshahara. Wengi wao walichagua kulima mahindi na mihogo yao, kuvua, na kuwauzia chakula wale waliokuwa kambini. Wakaitwa wavivu. Neno hilo limeandikwa mara nyingi katika karatasi za watawala. Lakini tujiulize, wapendwa: mtu aamkaye kabla ya jua na kulima mpaka adhuhuri ni mvivu kwa sababu gani? Ni kwa sababu moja tu: hakulima la bwana. Alikuwa amepiga hesabu yake mwenyewe, akaona kwamba fedha iliyotolewa haitoshi kununua kile kilichotakiwa kwake.

Kwa hiyo watu wakaletwa kutoka mbali: Kigoma, Njombe, Songea, hata kutoka Burundi na Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda shirika la kuwaandikisha, likajulikana kwa jina la SILABU. Watu hao tukawaita manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba. Kazi yao ilihesabiwa kwa kipande. Wazee wetu wanakikumbuka: kilikuwa kadi yenye nafasi 30. Kila mtu alipomaliza fungu lake la siku, nafasi moja ilitiwa alama. Na mshahara haukulipwa mpaka alama zote 30 zitimie. Lakini siku hizo 30 hazikulazimika kufuatana. Mtu aliweza kufanya kazi siku nne, akapumzika mbili, akarudi. Hivyo wengi walijipatia makonde pembeni mwa mashamba makubwa, wakalima katika siku zile ambazo kadi haikuzihesabu. Wasimamizi waliona utoro. Mkata mkonge aliona maisha yake.

Mwaka 1964 Tanzania ilitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge. Katika miaka ya 1990 haikufika hata tani 40,000 kwa mwaka. Bei ilianguka, mashamba yakageuka vichaka, korona nyingi zikanyamaza. Mshahara ule uliokuwa umewatoa watu Songea na Kigoma ukakoma. Aliyekuwa amejenga ujirani na kupanda michungwa alikuwa na mahali pa kuanzia. Aliyekuwa ametoa siku zake zote alibaki na chumba cha kambi.

Ndugu zangu, tusidhani kwamba haya ni mambo ya mkonge tu. Fungueni Kumbukumbu la Torati, sura ya 5, pale Musa anapolirudia agizo la siku ya Bwana. Katika kitabu cha Kutoka sababu ya kupumzika ni kwamba Mungu mwenyewe, alipokwisha kuumba, alipumzika. Lakini hapa Musa atoa sababu nyingine: Israeli wakumbuke kwamba walikuwa watumwa Misri, na kwamba Mungu aliwatoa kwa mkono wenye nguvu. Kwa hiyo apumzike mwana na binti, apumzike mtumwa na mjakazi, apumzike ng'ombe na punda, na mgeni aliye ndani ya malango. Farao hakuwa na siku ya saba. Kwake tofali la leo lilikuwa kipimo cha tofali la kesho. Mtu mwenye siku yake ni mtu aliyetoka Misri. Na mtu aiuzaye siku yake ya mwisho, hata kwa bei nzuri, ameanza kurudi njia ile ile, ijapokuwa safari hii hakuna aliyemfunga kamba.

Sasa twataka kuwaeleza habari ya nyumba moja katika mji wetu. Jina hatulitaji, nao wenyewe wameturidhia tuiseme.

Yupo ndugu mmoja, fundi wa umeme kiwandani. Baba yake alikuwa Mngoni wa Songea, aliyeletwa Tanga akiwa kijana kukata mkonge, akabaki. Mzee huyo alipofariki, wanawe walifungua kisanduku chake cha bati, wakakuta cheti cha ubatizo, rozari iliyokatika, na kipande kimoja cha zamani, alama zikiwa zimefifia. Walikuwa wakikijua kipande hicho. Walipokuwa watoto alizoea kuwaonyesha na kuwaambia: "Zilizotiwa alama humu zilikuwa za bwana. Konde letu limelimwa kwa siku ambazo hazimo humu." Konde lenyewe liko upande wa Muheza, ekari mbili, lenye michungwa, minazi michache na mihogo.

Miaka mitatu iliyopita fundi huyu aliitwa ofisini, akaambiwa kwamba amepandishwa cheo kuwa msimamizi wa zamu. Mshahara ungeongezeka kwa karibu nusu. Masharti yalikuwa haya: zamu za usiku kila juma la pili, Jumapili tatu katika mwezi, na simu iwe wazi saa zote, kwa maana mitambo haichagui saa ya kuharibika. Aliomba siku mbili afikiri. Siku ya tatu alirudi, akashukuru, akakataa. Akaomba abaki fundi wa zamu ya mchana, ili Jumamosi aende konde la baba yake pamoja na watoto, na Jumapili awe kanisani.

Hapa ndugu yetu alitenda kosa, naye analikiri: hakumwambia mkewe. Mama wa nyumba alizipata habari sokoni, kutoka kwa mke wa mfanyakazi mwenzake, aliyempongeza kwa cheo ambacho mumewe alikuwa amekwisha kukikataa. Mnaweza kuifikiria jioni ya siku hiyo. Binti yao mkubwa alikuwa akisoma shule ya bweni ya kulipia. Jiko lao lilikuwa halijaezekwa. Mama huyu alikuwa amehesabu kila shilingi kwa miaka mingi, na sasa shilingi zimekuja mlangoni na mume amezifukuza.

Walikuja kwetu. Baba wa nyumba alieleza habari ya mzee wake, ya kipande, na ya watoto wanaokua bila kumjua baba yao ila kwa viatu vyake mlangoni. Tuliguswa, na tukaanza kumsifu. Ndipo mama akasema kwa sauti ya chini: "Baba Padre, konde la mzee halilipi ada. Na wewe, samahani, hulipi ada."

Tulinyamaza. Mama yule alisema kweli. Ni rahisi kusifu umaskini wa hiari mtu akiwa hana mtoto wa kumrudisha nyumbani kwa kukosa karo. Tangu siku ile tumejifunza kulihubiri jambo hili tukiinamisha kichwa.

Hatukuwapa jibu. Tuliwaomba waende nyumbani wakae wawili, wachukue karatasi, waandike upande mmoja fedha ambayo cheo kingeleta, na upande wa pili siku ambazo cheo kingechukua, na kila siku waitaje kwa jina: siku ya mavuno, siku ya kumuuguza bibi, siku ya Komunyo ya kwanza ya mdogo. Walikaa jioni tatu. Upande wa fedha ulikuwa mrefu, wala haukuwa upuuzi. Upande wa siku nao ulikuwa mrefu. Mwishowe walikubaliana kwamba cheo kikataliwe, safari hii kwa kauli ya wawili. Binti angetolewa shule ya kulipia, aingie sekondari ya serikali isiyo na ada. Jiko lingesubiri. Na fedha yote itokayo kondeni ingewekwa mkononi mwa mama, aipangie yeye.

Hatutaki kuwadanganya kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Binti alilia majuma mawili, kwa kuwa aliwaacha rafiki zake. Kijana ambaye fundi huyu alimfundisha kazi ndiye msimamizi wake leo, naye hupaswa kumwitikia. Msimu mmoja machungwa yalijaa Muheza yote, bei ikaanguka, magunia mengine yakaozea chini ya miti. Lakini kila Jumamosi familia ile hupanda basi asubuhi. Binti yule aliyelia amejifunza kubebesha miche ya michungwa, na mkono wake, wasema jirani, ni mwepesi kuliko wa baba yake. Na njiani, baba anatuambia, huzungumza naye mambo ambayo wakati wa bweni hakuwahi kuyaandika katika barua hata moja.

Hivi karibuni tulimwuliza mama kama ameridhika. Akacheka kidogo, akasema: "Bado nahesabu, Baba. Ila sasa tunahesabu wawili."

Wapendwa, kutokana na nyumba hii, na kutokana na Injili, twaweza kuchukua mafundisho matatu.

La kwanza: siku ni sehemu ya mali ya nyumba, nayo yapaswa kuhesabiwa kabla ya kuuzwa. Tunapoulizana habari ya kazi, swali letu ni moja: "Wanalipa kiasi gani?" Ni nadra kuuliza: "Wanachukua kiasi gani?" Mhubiri, katika sura ya 4, aliwahi kupima mambo haya kwa viganja, akamtazama mtu mwenye kujaza viganja viwili kwa taabu isiyokoma, na mwingine mwenye kimoja na utulivu, akamheshimu huyu wa pili. Angalieni kwamba hakusifu mkono mtupu. Katika aya iliyotangulia amekwisha kumkemea mpumbavu akunjaye mikono na kujila mwenyewe. Mtume Paulo naye hakuwa na subira na mtu asiyetaka kufanya kazi. Kwa hiyo anayeacha mshahara ili alale, akakope unga kwa jirani, asilitaje jina la Injili. Fundi wetu hakuacha kazi. Alikataa kwamba kazi iwe na mipaka yake mwenyewe isiyojua mipaka ya nyumba yake.

Na hesabu hiyo haipigwi na mmoja. Katika somo la pili Mtume anatuambia habari za Kristo aliyeubomoa ukuta wa uadui, akawafanya wawili kuwa mmoja. Fedha yaweza kujenga ukuta katikati ya nyumba. Na kuikataa fedha kwa siri kwaweza kujenga ukuta mrefu zaidi. Mume asifanye sadaka kwa mfuko wa mke, wala mke kwa mfuko wa mume.

La pili: si wote wenye nafasi ya kuchagua. Mama anayengojea samaki Sahare ili awakaange na kuwauza hana cheo cha kukataa. Kibarua anayekata mkonge leo, katika mashamba yaliyofufuliwa, hulipwa kwa alichokata. Kumwambia huyo apunguze kazi ili afurahie upepo wa baharini ni kumshauri mwenye njaa afunge. Kwake neno la Injili halielekezwi kwanza; laelekezwa kwa yule aliye juu yake. Sikieni jinsi Yeremia anavyowakaripia wachungaji wanaowatawanya kondoo. Mchungaji wa siku hizi ni pamoja na mwenye kiwanda, mwenye duka, mwenye basi na mwenye hoteli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa juma, walau saa 24 za mapumziko kila juma, na likizo ya siku 28 kwa mwaka yenye malipo. Papa Leo wa 13, katika waraka wake wa mwaka 1891 juu ya hali ya wafanyakazi, alikwisha kufundisha kwamba pumziko ni haki ya mfanyakazi, wala hakuna mkataba wa haki unaoweza kuifuta. Mwajiri Mkristo asingoje mkaguzi aje ndipo aikumbuke.

Tena tusitazame viwandani tu. Katika nyumba zetu wenyewe yupo binti wa kazi, aliyetoka Lushoto au Handeni. Sisi tumevaa nguo safi, tumekwenda Misa, tumerudi, tumekaa barazani kupunga upepo. Yeye ameamka kabla yetu, amefua, amepika, amebeba mtoto, naye atalala baada yetu. Kumbukumbu la Torati limemtaja mjakazi waziwazi. Siku yake ni ipi? Kama hatuna jibu, basi mapumziko yetu tumeyaiba kwake.

La tatu: siku iliyookolewa yapaswa kuishiwa. Yesu hakuwaambia mitume waingie ndani wafunge mlango. Aliwatoa nje: majini, kisha mahali penye upweke. Marko anatuambia baadaye, katika sura hii hii, kwamba palikuwa na majani mabichi, na watu wakaketishwa juu yake. Sisi tumepewa pwani yenye uzuri mwingi, lakini wapo watoto wa mjini Tanga ambao hawajafika Mapango ya Amboni, wala hawajui kutofautisha maji ya bamvua na maji mafu. Jumapili ikifika, baba yumo katika simu, mama yumo katika simu, na watoto wamo katika runinga. Muda huo hatukuuuza kwa tajiri, tumeutupa bure. Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alitufundisha kwamba pumziko la Dominika laponya uhusiano wetu na Mungu, na wenzetu, na viumbe vyote. Hatuwezi kukipenda tusichokitembelea. Ndugu zetu Waislamu walio wavuvi, wengi wao huvuta vyombo pwani siku ya Ijumaa. Bahari haijapungukiwa kwa ajili hiyo, wala wao.

Na katika muda huo Mungu hupenda kuweka vipaji. Mwana wa Tanga, Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, alianza ukarani wa serikali mwaka 1926, akaendelea na utumishi kwa miaka mingi. Ukarani ndio uliomlisha. Lakini leo hakuna amkumbukaye kwa barua alizopiga mhuri forodhani. Twamkumbuka kwa vitabu alivyoviandika saa ambazo ofisi haikuwa ikimdai.

Nasi tulio mapadre, na ninyi makatekista, tusijifanye kwamba neno hili latupita. Mitume walikuwa wamechoka kwa kazi ya Mungu mwenyewe, na bado Yesu hakuona kwamba utakatifu wa kazi ni sababu ya kukosa kula. Katekista anayezunguka vigango vinne Jumapili moja, na Jumatatu hana nguvu ya kuwasikiliza wanawe, amwombe Padre ampunguzie. Na Padre asikasirike.

Tumalizie pale Injili inapomalizia. Chombo kilipofika ng'ambo, umati ulikuwa umekwisha kutangulia kwa miguu na unangoja. Mapumziko ya mitume yalikuwa mafupi sana. Pengine hayakuzidi muda wa kuvuka maji. Wengine katika sisi wanapata hivyo tu. Lakini mwangalieni Yesu. Hakuwafukuza watu kwamba ni siku yake. Aliwaonea huruma, kwa kuwa walikuwa kama kondoo wasio na mchungaji. Hapo ndipo tunapojua pumziko la kweli lilivyo: halimfungi mtu moyo, bali lampa moyo wa kumwona mwenzake. Aliyechoka kupita kiasi huwaona watu kama usumbufu. Aliyepumzika na Bwana huwaona kama kondoo.

Basi, juma hili kila nyumba ikae, ichukue karatasi, ihesabu fedha na ihesabu siku. Wanaoweza kuchagua, wachague wakiwa wawili. Wasioweza kuchagua, waombewe, na zaidi ya kuombewa watetewe. Na siku yetu ya mwisho itakapofika, Bwana anayezijua siku zote, zilizotiwa alama na zisizotiwa, atukute tukiwa tumeziishi.

Tumsifu Yesu Kristo.

Maswali ya kutafakari katika jumuiya

1. Katika nyumba yetu, ni siku gani au saa gani tumeiuza bila kupatana? Ni nani aliyelipa gharama yake?

2. Yupo nani anayefanya kazi chini yetu, nyumbani, dukani au shambani? Siku yake ya kupumzika ni ipi, na je, yeye mwenyewe anaijua?

3. Jumuiya yetu yaweza kumsaidiaje jirani asiye na nafasi ya kuchagua, ili naye apate walau siku moja na watoto wake?